Matapeli wanaobisha hodi kwa sauti ya ndugu

TORONTO – Jumatatu moja ya Februari, saa tatu asubuhi, jirani yetu wa barabara ya Jameson, mtaani Parkdale, alitugongea mlango akiwa amevaa koti zito juu ya kitenge. Simu ilikuwa mkononi, bado iko hewani, naye alitufanyia ishara tusitoe sauti. Ndani ya simu mwanamume mmoja alikuwa akimweleza kwa Kiingereza cha haraka kwamba yeye ni ofisa wa idara ya kodi, kwamba jina la mama limekutwa kwenye faili la wakwepa kodi, na kwamba polisi wako njiani. Ilibaki njia moja tu ya kuepuka pingu. Aende dukani sasa hivi, anunue kadi za zawadi za dola 2,000, azikwangue na kusoma namba zake simuni. Asikate simu. Asimwambie mtu.

Mama huyu ni mtu wa Uvira. Amewahi kuvuka Ziwa Tanganyika usiku kwa mtumbwi akiwa na watoto watatu, na si mtu wa kutishwa na maneno. Lakini asubuhi ile mikono ilikuwa ikimtetemeka. Alitunong'oneza swali moja tu: "Mwanangu, watanirudisha?"

Tuliichukua simu tukaikata. Ilipigwa tena mara nne kabla ya saa sita mchana, na kwenye kioo chake ilitokea namba ya Ottawa, mji mkuu, kana kwamba serikali yenyewe ndiyo iliyokuwa ikipiga.

Parkdale iko magharibi mwa jiji la Toronto, ng'ambo ya barabara kuu ya Gardiner inayoutenga mtaa na Ziwa Ontario. Majengo yake marefu ya ghorofa, hasa ya Jameson, ndiyo yanayowapokea wageni wengi wanaofika Kanada wakiwa na sanduku moja. Ukipanda tramu ya barabara ya Queen utasikia Kitibeti, Kitagalogi, Kihispania, na ukiwa na bahati utasikia Kiswahili cha Bukavu kikijibizana na cha Mombasa. Ni mtaa wa watu wanaosubiri: kusikilizwa kwa kesi ya ukimbizi, kibali cha kazi, jamaa waje. Mtu anayesubiri karatasi hupokea kila simu.

Simu ile ya kodi ina historia yake. Kwa mujibu wa polisi wa taifa la Kanada, RCMP, utapeli huo uliwapotezea watu zaidi ya dola milioni 16 kati ya mwaka 2014 na 2019. Simu nyingi zilikuwa zikipigwa kutoka India. Oktoba 2016 polisi wa Thane, pembezoni mwa Mumbai, walivamia vituo vya simu vya aina hiyo na kuwakamata watu wapatao 70, wengi wao vijana waliokuwa wakijifanya maofisa wa kodi wa Marekani na kusoma maneno waliyoandaliwa. Nchini Kanada, RCMP walianzisha mwaka 2018 operesheni iliyopewa jina la Octavia, na Februari 2020 wakatangaza kuwashtaki watu wawili wa Brampton, mji jirani na Toronto, wakidaiwa kuwa sehemu ya mnyororo wa kupokea fedha hizo. Simu zilipungua, halafu zikarudi kwa sura nyingine: leo ni benki, kesho ni idara ya uhamiaji, keshokutwa ni kampuni ya vifurushi.

Katika mkasa wa jirani yetu hakuna kompyuta iliyovunjwa. Hakuna kijana mwenye kofia aliyekesha gizani akitafuta ufa katika mitambo ya benki, kama sinema zinavyotuonyesha. Yule bwana alihitaji mambo matatu tu: jina la mamlaka, haraka, na amri ya kutomwambia mtu. Kwa mzaliwa wa hapa, maneno "serikali" na "polisi" katika sentensi moja ni usumbufu wa asubuhi. Kwa mtu aliyewahi kuwaona maaskari wakiingia uani kwake, maneno hayo hayahitaji ushahidi.

Wasomaji wetu walioko nyumbani huenda wakasema hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. La hasha. Nani kati ya Watanzania hajawahi kupokea ujumbe usemao, "Ile hela itume kwenye namba hii"? Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwezi Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, pesa zilihamia kwenye simu, na wezi nao wakahamia huko huko. Ujumbe huo tumeutafakari mara nyingi, na lazima tukiri kuwa aliyeutunga anawajua watu. Hautaji jina. Hauelezi ni hela gani. Unarushwa kwa maelfu ya namba, na kati ya maelfu hao hawakosekani wachache ambao asubuhi hiyo hiyo walikuwa wakijiandaa kumlipa mwenye nyumba, fundi wa paa au karo ya mtoto. Mpokeaji mwenyewe ndiye anayejaza pengo. Anajiambia, "Aa, huyu ni mwenye nyumba, kabadilisha namba," kisha anatuma.

Nchini Kenya imeripotiwa kwa miaka mingi kwamba simu za kitapeli za namna hii hupigwa hata na wafungwa walio ndani ya gereza la Kamiti, nje kidogo ya Nairobi. Anayelia kwamba amekutumia pesa kimakosa, na kukuomba kwa jina la Mungu umrudishie, huenda amevaa sare ya mfungwa. Tanzania iliamua kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na kuanzia Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeweka pia namba 15040 ya kuripotia matapeli. Hata hivyo, ujumbe haukukoma, kwani alama ya kidole humtambulisha aliyesajili laini, haimtambulishi aliyeishika.

Huku ughaibuni mambo hayo mawili, hofu ya ugenini na desturi ya nyumbani, yamefunga ndoa. Chukua mfano wa makundi yetu ya WhatsApp. Kila jamii ya Waafrika Mashariki hapa Toronto ina kundi la msiba. Mtu akifiwa na mzazi Kigoma au Kisumu, kabla jua halijatua mchango umeanza kukusanywa, na watu hutumiana fedha kwa Interac, njia ya benki za Kanada ya kutuma pesa kwa anwani ya barua pepe. Ni jambo jema kuliko mengi tunayoyafanya. Hapo ndipo tapeli anapopenyeza mkono.

Utaratibu wake ni huu. Unapoifungua WhatsApp katika simu mpya, kampuni hukutumia namba ya siri ya tarakimu sita ili kuhakikisha kuwa ni wewe. Tapeli ambaye tayari ameshaiteka simu ya binamu yako huandika namba yako katika simu yake, kisha hukuandikia kwa jina na picha ya huyo binamu: "Samahani kaka, nimetuma kodi kwako kimakosa, nirudishie." Ukimpa zile tarakimu sita umempa WhatsApp yako nzima. Dakika kumi baadaye yuko ndani ya kundi la msiba akitangaza, kwa jina lako, kwamba anwani ya kutumia mchango imebadilika. Nani atauliza maswali wakati wa msiba? Anayeuliza huonekana bahili.

Fedha inayoibwa kwa njia hiyo haimuumizi aliyeituma peke yake. Huwa tayari imeshaahidiwa kwa jeneza, kwa basi la kusafirisha wafiwa, kwa gunia la mchele.

Benki zimekuwa zikituletea vipeperushi, na maktaba ya Parkdale iliyopo barabara ya Queen ina kompyuta za bure na watumishi wenye subira. Lakini somo kubwa tulilopata juu ya jambo hili tulilipata kwa majirani zetu Watibeti. Parkdale ni moja kati ya makazi makubwa ya Watibeti nje ya bara la Asia, na kwa sababu hiyo watu huiita Tibet Ndogo. Tunakula momo zao, wao wanakula chapati zetu, na sote tunalalamikia kodi ya nyumba.

Mwaka 2008 ofisi ya Dalai Lama huko Dharamsala, India, iliwaomba watafiti waichunguze mitambo yake, kwa kuwa kulikuwa na dalili kwamba siri zinavuja. Baadhi ya watafiti hao walikuwa wa Citizen Lab, maabara ya Chuo Kikuu cha Toronto iliyoasisiwa mwaka 2001 na Profesa Ron Deibert, ambayo haiko mbali na Parkdale kwa tramu. Ripoti yao ilitolewa mwishoni mwa Machi 2009. Waligundua mtandao wa kijasusi walioupa jina la GhostNet, uliokuwa umeingia katika kompyuta 1,295 katika nchi 103, zikiwemo za balozi na wizara za mambo ya nje. Aliyeuendesha aliweza kusoma mafaili, na hata kuwasha kamera na kipaza sauti bila mwenye kompyuta kujua. Seva nyingi zilizouongoza zilikuwa China. Serikali ya China ilikanusha kuhusika, na watafiti wenyewe hawakuinyooshea kidole moja kwa moja.

Je, mlango ulifunguliwa vipi? Kwa barua pepe. Moja ya barua hizo, ya Julai 2008, ilionekana kama imetoka katika shirika linalotetea Tibet, na iliambatishwa waraka uliodaiwa kuwa tafsiri ya kitambulisho cha harakati ya uhuru kwa Watibeti walio uhamishoni. Fikiria, msomaji. Wewe ni mkimbizi, unapata barua kutoka kwa rafiki wa taifa lako, inahusu kitambulisho cha watu wako. Utaacha kuifungua? Sisi tungeifungua mara mbili.

Ripoti hiyo ina kisa kimoja ambacho hatujakisahau. Binti mmoja wa Kitibeti alikuwa akifanya kazi Dharamsala katika mradi wa vijana wa kuzungumza na watu wa China kupitia intaneti. Baada ya miaka miwili aliamua kurudi kijijini kwao. Alikamatwa mpakani kati ya Nepal na Tibet na kuzuiliwa miezi miwili. Alipohojiwa alisema alikuwa Dharamsala kwa masomo tu. Ndipo maofisa walipotoa faili lenye mazungumzo yake ya miaka yote, neno kwa neno.

Watibeti hawakukaa kimya. Taasisi ya Tibet Action Institute ilianza kampeni iliyochezea neno moja la Kiingereza. Neno hilo, kwa Waingereza, ni faili linaloambatishwa kwenye barua pepe, na papo hapo ni kule kung'ang'ania kwa moyo ambako Buddha aliwafundisha wafuasi wake wakuache. Ujumbe ukawa: achana na viambatisho. Mtawa mzee ambaye hajawahi kusikia neno "seva" aliuelewa siku hiyo hiyo. Kila tukifikiria vipeperushi vya benki tulivyopewa tunasikitika kwamba Kiswahili, lugha ya methali na mafumbo, bado hakijapata mtu wa kukifanyia kazi ya namna hiyo.

Wavamizi nao walibadilika. Watu walipoacha kufungua viambatisho, zilianza kutumwa barua zenye viungo vinavyompeleka mtu kwenye ukurasa uliofanana na wa Google, ukimwomba neno la siri. Januari 2018 Citizen Lab ilieleza operesheni moja ya aina hiyo dhidi ya Watibeti, iliyodumu zaidi ya mwaka mmoja na nusu, ambayo mitambo yake yote iligharimu takriban dola 1,000 za Marekani. Ni bei ya kodi ya miezi michache ya chumba katika miji yetu mingi. Na kati ya Novemba 2018 na Mei 2019 mtego ulihamia WhatsApp, watu wakiandikiana na viongozi wa Kitibeti huku wakijifanya waandishi wa habari na watumishi wa mashirika.

Kujifanya waandishi wa habari! Hapo tuliguswa sisi. Jirani zetu wa Ethiopia walikuwa wameyaonja kabla yetu. Desemba 20, 2013 wafanyakazi wa kituo cha televisheni cha ESAT, kilichokuwa kikitangaza kutoka uhamishoni, walitumiwa kwa Skype mafaili yenye sura ya nyaraka za kawaida, kutoka akaunti ya mtu aliyewahi kushirikiana nao. Ndani yake mlikuwa na programu ya kijasusi. Serikali ya Addis Ababa ya wakati huo ilikanusha kuhusika.

Habari hizo tulizisoma, tukaziandika, tukazihadithia kwenye mikutano. Kisha tukanaswa.

Sisi tuliondoka Bujumbura mwaka 2015, baada ya vituo vya redio binafsi kuvamiwa na kuchomwa moto mwezi Mei. Tulipofika Parkdale tulikuwa bado tunawasiliana na watu wachache wa nyumbani waliokuwa wakituletea habari. Jioni moja ya mwaka 2018, baada ya zamu ya saa kumi ghalani, tulipokea barua pepe ya mwenzetu wa zamani aliyekimbilia Kigali. Kichwa cha barua kilikuwa "Orodha mpya", na ndani mlikuwa na kiungo na mstari mmoja: "Majina yetu yamo, angalia haraka." Tulibonyeza. Ukurasa ukataka neno la siri, tukaliandika. Ikafunguka orodha ya zamani ya majina, ambayo kila mwandishi wa Burundi alikuwa ameshaiona. Tuliguna, tukafunga kompyuta, tukalala. Anwani ya mtumaji ilikuwa na herufi moja isiyo yake. Tuliiona asubuhi.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo si rahisi kuliandika. Tulikaa siku tisa bila kumwambia mtu. Tulibadilisha neno la siri na kujifariji kwamba yamekwisha. Ukweli ni kwamba tuliona aibu. Mtu mwenye shahada ya chuo kikuu, miaka zaidi ya kumi na tano katika taaluma ya habari, aliyesimama jukwaani kuwafundisha wengine, ataanzaje kusema kuwa kadanganywa na herufi moja? Katika siku hizo tisa mtu alikuwa akiwaandikia watu wetu kutoka anwani inayofanana na yetu, akitumia maneno aliyoyasoma katika barua zetu za zamani. Aliwauliza, "Bado uko pale pale? Namba yako mpya ni ipi?" Watatu walijibu. Mmoja wao, mtu wa Buyenzi, alifuatwa nyumbani na watu asiowajua, akavuka mpaka usiku na kwenda kujihifadhi kwa ndugu zake Kigoma. Ni nani aliyekuwa akiandika hatukuweza kuthibitisha, na kwa hiyo hatumtaji mtu. Lakini siku tisa zile ni zetu wenyewe.

Kituo cha Kupambana na Ulaghai cha Kanada hukadiria kwamba ni asilimia 5 hadi 10 tu ya waliotapeliwa wanaotoa taarifa. Mwaka 2022, hasara iliyoripotiwa peke yake ilizidi dola milioni 500. Wanaonyamaza tunawaelewa. Jirani yetu wa Uvira hakutaka watoto wake wajue hata kidogo kuhusu ile simu, ingawa hakupoteza senti.

Hatua zenyewe si nyingi. Weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe na WhatsApp, ili neno la siri peke yake lisitoshe. Hapa Kanada, ujumbe wa kitapeli utume kwenda namba 7726. Idara ya kodi ya nchi hii haipokei kadi za zawadi, na kodi ya tarakimu sita haina safari ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote, awe mama yako mzazi. Ukiombwa pesa au siri kwa njia moja, hakikisha kwa njia nyingine: umeandikiwa, piga, umepigiwa, kata, kisha piga wewe kwenye namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Siku hizi hata sauti haitoshi, kwani programu za kompyuta zinaweza kuiga sauti ya mtu kutokana na sekunde chache za video aliyoiweka mwenyewe mtandaoni.

Ugumu uko katika adabu zetu. Utamwambiaje mjomba, "Nithibitishie kuwa ni wewe"? Ataiambia familia nzima kwamba Kanada imekuharibu. Tulilizungumza jambo hili na yule mama wa Uvira siku moja tukisubiri lifti, ambayo kwa kawaida ni mbovu, na yeye akatuonyesha kitu ambacho wataalamu wetu wote hawakukigusa. Alisema matapeli hawasalimii. Mjomba wa kweli hawezi kuomba pesa kabla ya kuuliza watoto wameamkaje, baridi imepungua, shemeji amepona mguu. Ataizunguka shida yake robo saa nzima. Tapeli ana haraka, na watu wengine 500 wanamsubiri. Mama sasa akipokea simu ya kuombwa humsalimia mtu kama wazee wanavyosalimiana, hatua kwa hatua, na katikati humuulizia ng'ombe au shangazi ambaye hayupo duniani. Anayejibu kuwa shangazi hajambo, simu yake inakatwa.

Mtu wetu wa Buyenzi hakutujibu kwa miezi saba. Tulipitisha salamu kwa ndugu, kwa dereva wa malori, kwa mtu wa msikitini, na kila mara jibu lilikuwa kimya. Halafu Jumapili moja ikaingia simu kutoka Tanzania. Hakutaja jina lake wala letu. Aliuliza: "Yule mama aliyekuwa akituuzia maandazi pale mlangoni redioni, aliitwa nani?"

Tukamjibu kuwa hakuwa mama, alikuwa mzee mwenye kofia ya bluu, na hakuuza maandazi hata siku moja, aliuza sambusa.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Haya. Hujambo? Watoto wameamkaje huko kwenye baridi?"